Nilivyomzuia Donatus Kwenda Kusomea Kidude

Jumapili, 6 Januari 1985

Daftari, hujambo. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitufundisha kuandika barua tu, mambo ya kujiandikia mwenyewe hakutufikisha, kwa hiyo nakusalimu kama mtu. Mimi Mama Donatus sijambo, isipokuwa moyo. Baba Donatus, yaani Makoye, hajambo, mgongo tu. Generosa binti yetu hajambo, anakula vizuri, anajibu vibaya. Bibi, mama yake Makoye, hajambo, anakusalimu ingawa hakuoni, macho yalishamwacha. Ng'ombe hawajambo, yule mwekundu anakohoa. Mbuzi hawajambo. Jogoo alichukuliwa na kicheche, Mungu ndiye ajuaye. Dada yangu Lukresia aliye kule Geita nasikia hajambo. Jirani yetu Mama Limi naye hajambo, hata ukiomba asiwe hivyo.

Baada ya salamu, jambo lenyewe ni hili. Donatus mwanangu wa kwanza anataka kuniacha.

Anafanya kazi mjini Shinyanga, anatengeneza redio na mashine za hesabu za maofisini. Kila Jumamosi anapanda baiskeli anakuja hapa Kolandoto, anakula, anamtania bibi yake, tunacheka. Maisha mazuri. Leo tumetoka misa, akasema serikali inatafuta kijana mmoja wa Kanda ya Ziwa, aende ng'ambo miaka minne. Watasailiwa Mwanza tarehe kumi na nane. Masomo yenyewe ni kubuni maikroprosesa.

Nikauliza ndiyo nini hiyo. Akatoa mfukoni kidude cheusi, kina miguu pande mbili kama jongoo aliyekauka. Amekichomoa kwenye mashine ya hesabu iliyokufa. Akasema ndani mna kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, na ndani ya ukucha mna swichi maelfu kwa maelfu, zinawaka na kuzima, na huko kuwaka na kuzima ndiko kufikiri kwa kompyuta. Bibi akaomba akishike. Akakipapasa, akasema hakina nyama.

Miaka minne kwa ajili ya jongoo. Na nimewaona watoto waliokwenda mbali. Wanarudi wageni. Wanamwomba mama yao kijiko wale ugali.

Simkatazi. Mtoto ukimkataza umemwongezea mbio. Nitamwonyesha shida za kazi hiyo moja moja, kwa upole, mpaka aone mwenyewe kwamba haina mbele. Ndivyo nilivyomwachisha baba yake tumbaku. (Anavutia nyuma ya ghala, lakini ndani ya nyumba ameacha.)

Jumatatu, 7 Januari

Donatus amechukua likizo ajitayarishe hapa nyumbani. Vizuri. Nimempata karibu.

Tulikuwa tunabangua karanga. Nikamuuliza kama mtu asiye na nia yoyote: mwanangu, kazi hiyo haina shida? Akaweka karanga chini. Akasema mama, hapo ndipo panapomkosesha usingizi. Wale wakubwa wa Mwanza watauliza hayo hayo: shida za kubuni vidude hivi ni zipi, na kazi yenyewe inaelekea wapi. Naye ni fundi wa kurekebisha, hajawahi kubuni. Vitabu alivyopata ni vya zamani. Ana maneno mengi ya Kiingereza kichwani na hana hata moja la kwake mwenyewe.

Nikafurahi mpaka nikaona aibu. Hazijui shida zake sawasawa! Basi atazijua kwangu, akate tamaa.

Nikamwomba anitajie moja tu. Akasema joto. Kila mwaka watu wanataka swichi nyingi zaidi kwenye ukucha ule ule, na zikisongamana zinachemka. Hajui mtu atalieleza vipi hilo likaeleweka.

Nitalieleza mimi. Jikoni.

Jumatano, 9 Januari

Mafiga matatu, vyungu sita. Nilivisonga vyote juu ya moto mmoja: maharage, mlenda, maji ya ugali, maji ya kuoga bibi, michembe ya viazi vikavu, na chungu kingine kitupu cha kujaza nafasi. Nikachochea kuni mpaka nikasikia nywele zinanuka. Nikamwita Donatus aje aone kusongamana kulivyo kubaya.

Akaja. Paa nalo likaja.

Si lote. Pembe moja tu ya nyasi, upande wa mlango. Makoye alileta ndoo ya maji ya ng'ombe. Mama Limi alileta ndoo yake na mdomo wake. Akauliza kama leo tunachoma nyumba au tunaichemsha tu, kwa sababu angependa kujua aje na nyasi za kuezekea au na chumvi. Nikamwambia nilikuwa namfundisha mtoto. Akasema naam, amefundishika, nyusi zake zimepungua.

Donatus alikaa juu ya kinu huku ananuka moshi, anaviangalia vyungu. Nikangoja akate tamaa. Baadaye akauliza kwa nini chungu kitupu kilikuwa kinawaka moto. Nikasema cha kujaza nafasi. Akapiga paja. Akasema shida si wingi wa vyungu, mama, shida ni kwamba vyote vinawaka hata visivyopika kitu, na moto hauna njia ya kutokea. Anayebuni kidude lazima ajue kuzima upande uliolala. Huko mbele, anasema, atakayeshinda si mwenye moto mkubwa, ni mwenye kujua kipi kizimwe.

Halafu akanishukuru. Kwa Kisukuma kabisa, wabeja mayu. Sikuipenda shukrani ile.

Ijumaa, 11 Januari

Jaribio la pili. Jana alinitajia shida nyingine: kidude kinafikiri upesi sana, lakini vitu vya kufikiria viko mbali, kwenye sehemu nyingine ya mashine, na kuvifuata kunachukua muda kuliko kufikiri kwenyewe. Nikasema moyoni, hiyo itamchosha hata mtakatifu.

Leo asubuhi nimehamisha chumvi nikaipeleka kwa Mama Limi. Mafuta nikayapeleka nyumba ya bibi. Maji nikayaweka ng'ambo ya zizi. Mwiko nikaufunga kwenye baiskeli. Nikamwambia Donatus apike yeye, mimi naumwa mguu.

Alikwenda na kurudi kama mjumbe wa nyumba kumi siku ya mkutano. Chumvi, kwa Mama Limi. Akirudi, moto umezimika. Mafuta, kwa bibi, na bibi haachi mtu aondoke bila kumsimulia njaa ya zamani. Ugali ukaungua chini ukawa mbichi juu. Makoye alionja akauliza nani amekufa.

Nikaona jasho la mwanangu, nikamwonea huruma, karibu niache. Nikauliza: sasa baba, kazi ya namna hii mtu aifanye maisha yake yote?

Akajibu huku anahema kwamba mpishi hana kosa. Mpishi ana mikono ya haraka ila anashinda njiani. Akachota chumvi kidogo kwenye kifuu, akakiweka pembeni ya figa. Mafuta kidogo, pale pale. Maji kidogo, pale pale. Akasema ile ghala kubwa ibaki mbali, ila kinachotumika mara kwa mara kikae karibu na mkono. Akapika tena. Ulikuwa ugali mzuri, lazima niseme kweli.

Tena akaniambia habari ya tatu bila kuulizwa. Kuna wabunifu wanataka kidude kijue amri nyingi ndefu ndefu. Wengine wanasema hapana, kipewe amri chache na fupi, kitazimaliza upesi. Wanabishana mpaka leo. Nikajaribu amri fupi kwa Makoye. Nikamwambia: kuni. Akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia: maji. Akaenda kukaa kwa Mama Limi hadi jua likapungua.

Kwa hiyo amri fupi hazifanyi kazi. Nimemwambia Donatus. Ameandika.

Jumamosi, 12 Januari

Mama Limi amekuja kuomba kijinga cha moto. Ana kiberiti, nimekiona. Akakaa. Akasema anasikia napigana na mambo ya kisasa kwa vyungu. Akasema mbuzi akitaka kwenda, humfundishi shida za malisho ya mbali, unafunga kamba. Na kamba ipo, inaitwa Limi, imemaliza darasa la saba, inajua kusuka mikeka, na Donatus anaipitia njia ya kisimani kila akija.

Nilimshukuru. Nikamwambia mwanangu bado mdogo. Ana miaka ishirini na sita.

Kumzuia Donatus, ndiyo. Lakini kumwita huyu mwanamke mkwe mpaka kufa, kula naye Pasaka, kusikia kila siku kwamba mtoto wake ndiye aliyemzuia mtoto wangu? Afadhali ng'ambo.

Hapana, nisiandike hivyo. Si afadhali ng'ambo. Nina jambo kubwa Jumatatu.

Jumatatu, 14 Januari

Siku ya kupalilia pamba. Tuliwaalika bagobogobo, wale wakulima wanaolima kwa ngoma, majembe yanapanda pamoja yanashuka pamoja, mpaka unasahau kwamba ni kazi. Walijipanga mstari mmoja mrefu, kutoka kichuguu hadi mpaka wa Mama Limi. Mpiga ngoma ni Maige, mtu wa sifa.

Donatus aliniambia juzi kwamba ndani ya kidude nako mna kama ngoma. Inapiga, na kila swichi inafanya kazi yake kwa pigo lile. Ukitaka kidude kiende mbio, unaharakisha pigo. Akasema watu wanadhani wataharakisha milele.

Basi nikamfuata Maige pembeni na uji mzito. Nikamwambia leo aharakishe. Akauliza kiasi gani. Nikasema mpaka Donatus aone kwamba haiwezekani. Maige hakuelewa, lakini mtu wa sifa akiambiwa aongeze haulizi mara mbili.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Majembe kama mdomo mmoja. Makoye alisimama kama mwenye shamba. Halafu Maige akaongeza. Walio karibu naye wakaongeza. Akaongeza tena. Walio karibu na ngoma jembe liko chini, wa kule kwa Mama Limi jembe bado liko hewani. Mstari ukapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Wa katikati wakawa hawajui wamfuate nani. Mpini ukagonga mpini. Miche ya pamba ikaanguka pamoja na magugu, hata huwezi kusema kipi kilitakiwa kipone. Mzee mmoja akajikuta analima shamba la Mama Limi, na anavyolima vizuri.

Makoye akashika kichwa. Akauliza nani amempa Maige bangi. Nikaangalia mawingu.

Donatus alikuwa juu ya kichuguu. Nikasema sasa amekata tamaa, maana alikuwa ameshika mdomo. Akateremka anakimbia. Akakimbia mstari mzima, anasimama kila mahali anasikiliza. Akarudi macho yanawaka, akamwambia Maige apumzike. Akatueleza wote, na bagobogobo wakamsikiliza kama mtemi: kosa si la wakulima. Sauti inachelewa kufika mwisho wa shamba. Pigo likiwa la polepole, kuchelewa kule hakuonekani. Pigo likiwa la mbio, pigo la pili linatoka kabla la kwanza halijafika. Ngoma moja haitawali shamba kubwa kwa mbio.

Akawagawa vikundi vitatu. Kikundi cha kati na Maige. Cha kichuguuni akakipa filimbi. Cha upande wa Mama Limi akakipa Generosa na debe. Kila kikundi na pigo lake, wakutane kwenye tuta la mwisho tu. Hapana haja ya kwenda mbio kupita kiasi. Wengi, wa kawaida, kila mmoja na kipande chake.

Walimaliza kabla jua halijawa kali. Maige alinuna kwa kugawiwa utukufu na debe. Mama Limi alisema kwa sauti ya kusikika kwamba anashukuru kulimiwa bure, na kama tuna wehu mwingine wiki ijayo mahindi yake pia yana magugu.

Jioni Donatus alinikumbatia. Mtoto mkubwa, mbele ya watu. Akasema hakuwahi kuelewa sawasawa mpaka leo. Mimi niko hoi. Kila shida ninayomletea anaipokea kama mahari.

Alhamisi, 17 Januari

Leo alikuwa asafiri kwa treni ya Mwanza. Nikasema lazima nimsindikize mpaka stesheni Shinyanga. Mama ana haki hiyo. Na mama ana haki ya kuchelewa.

Nilianza kwa kumwogesha bibi, ambaye alishaoga. Nikarudi kuchukua khanga. Nikarudi kubadilisha khanga. Lori la pamba la kutupeleka mjini liliponguruma nikakumbuka nimeacha chakula chake, na hilo lilikuwa kweli, kuku mzima na michembe. Hata mtu unayemzuia hawezi kwenda na njaa.

Donatus alikuwa anatafuna kucha. Ilinichoma hiyo, lakini nikakaza moyo. Tulifika stesheni saa ya treni imepita sana. Nikajitayarisha kumpa pole. Nilikuwa na pole nzuri, nimeitunga njiani.

Treni ilikuwa haijaja. Watu wamelala juu ya mizigo yao. Mwaka mzima nimeilaani treni ile kwa kuchelewa. Leo ndipo ikachelewa kwa faida ya Donatus.

Tulikula wote wawili kuku wa safari, tukiwa tumekaa kwenye gunia la mtu. Akanieleza habari za theluji. Nikamuuliza nani atamkanda kifua akikohoa. Akasema hajui, labda atajikanda mwenyewe na kunifikiria. Mtoto huyu hajui kudanganya, hiyo ndiyo shida yake ya pekee.

Treni ilipokuja nilimshika mkono mpaka ikaanza kutembea. Ilibidi nikimbie kidogo.

Jumanne, 22 Januari

Amerudi. Niliona kwa mbali anavyotembea, nikajua. Nikaenda kumkamua ng'ombe mwekundu. Ana mimba, hana maziwa. Nilikaa pale pale.

Amechaguliwa.

Alisimulia mbele ya wote. Waliingia vijana wengi, wa Bukoba, wa Musoma, wa Mwanza wenyewe. Kila mmoja alisema maneno ya kitabuni yale yale, na wakubwa wakawa wanasinzia. Zamu yake wakamuuliza shida za kubuni maikroprosesa ni zipi. Akawaambia habari ya vyungu sita. Akawaambia habari ya chumvi kwa jirani. Wakaanza kukaa sawa. Akawaambia habari ya ngoma ya Maige, na jinsi mstari ulivyopinda, na mzee akalima shamba la watu. Mkubwa mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka akauliza: kwa hiyo mbele ni kwenda mbio zaidi, au ni kuongeza ngoma? Donatus akasema kuongeza ngoma, na kazi itakayowatoa watu jasho ni kuwakutanisha kwenye tuta la mwisho. Wakatazamana.

Wakamuuliza nani alimfundisha. Akasema mama yangu. Wakauliza mama anafundisha chuo gani. Akasema hafundishi, alikuwa ananipinga.

Watu wote wamenipongeza. Mwenyekiti wa kijiji amekuja na fimbo yake. Katekista amesema nitatajwa Jumapili. Mama Limi ameleta maziwa, akasema kwa kweli alidhani ni wehu, kumbe ilikuwa shule, na kama nina nafasi Limi anataka kuwa muuguzi, nianze lini kumpinga.

Makoye aliniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia: kuni. Safari hii alikwenda bila neno.

Ataondoka mwezi wa nane. Nimeanza kumfumia sweta. Sijui kufuma. Mkono mmoja umetoka mrefu, lakini Donatus ameujaribu akasema huko kuna baridi, mkono mrefu ni faida.

Nimekaa nimetafakari kosa langu liko wapi. Nimeliona. Kidude ni kitu kigeni, sikijui, ndiyo maana shida zake nilizieleza vibaya zikapendeza. Njia yenyewe haikuwa na kosa lolote. Kingekuwa kitu ninachokijua, ningeshinda.

Ijumaa, 25 Januari

Ya Musa sijamaliza kuyastaajabu, ya Firauni yamekuja. Generosa leo amesema anataka kwenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, akapike chakula auzie wachimbaji. Ana miaka kumi na tisa. Hapana mume, hapana mtaji, ana sufuria moja na ile sauti ya kujibu.

Sikupiga kelele. Machimbo nayajua, dada yangu anaishi huko. Hapa ninazo shida za kweli, si za kwenye ukucha.

Nimemkalisha. Nimemwambia maji huko yanabebwa kutoka mbali. Nimemwambia wachimbaji wanashuka kwenye maduara, yale mashimo marefu, wakitoka wana njaa ya simba, wote kwa mpigo mmoja, na mpishi mmoja hawezi kuwatosheleza. Nimemwambia kuni ni za shida, hoteli zimesongamana, vumbi linaingia kwenye mchuzi.

Alisikiliza vizuri sana. Hakujibu hata mara moja. Alisogeza kigoda karibu. Akaniuliza maji yanatoka mbali kiasi gani, na kama mtu akiweka mapipa pale pale je. Akauliza wachimbaji ni wengi kiasi gani hasa, na kama hakuna hata mmoja anayewapikia kwa zamu. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa woga.

Dalili nzuri. Anaanza kukata tamaa.

Nimeishiwa shida, kwa hiyo naandika hapa maneno ya barua, kesho niinakili nimpe dereva wa lori:

Dada Lukresia, shikamoo. Sisi sote hatujambo, Makoye, bibi, Donatus na Generosa. Nakuomba uniandikie shida zote za kupika machimboni, kubwa na ndogo, usiniachie hata moja, kila moja na maelezo yake. Nijibu upesi dada, mtoto anazisubiri kwa hamu.